Namna ya Kuandaa Siku ya Shule za Nyumbani Kumheshimu Meya Mstaafu

Kwetu Mtwara si ajabu mtoto wa Mikindani au Naliendele akaondoka na sanduku lake la bati, akafanya kazi ugenini miaka mingi, akagombea udiwani huko huko alikohamia, na mwishowe madiwani wenzake wakamchagua avae joho na mkufu wa umeya wa jiji. Akistaafu na kurudi kwenye mikorosho ya baba yake, shule alizosoma hutamani kumwita, kumshukuru na kumweka mbele ya watoto wamwone. Mwongozo huu ni kwa walimu wakuu, wakuu wa shule, kamati za shule na wahitimu wa zamani wenye nia hiyo. Nimekwisha kushiriki maandalizi ya hafla tatu za namna hii, na mojawapo iliharibika mbele ya macho yangu kwa sababu ya ukurasa mmoja wa wasifu.

Katika hafla hiyo mshereheshaji alisoma, kwa sauti ya kupanda na kushuka, kwamba mgeni wetu alijenga stendi, akaajiri walimu na kuwapa vijana mikopo. Mzee, aliyekuwa ameketi kimya na kofia yake mapajani, aliomba kipaza sauti kabla ya zamu yake, akasema kwa upole kwamba stendi ilijengwa na halmashauri, kwamba yeye alikuwa mwenye kiti tu siku fedha zilipopitishwa, na kwamba hajawahi kumwajiri mwalimu hata mmoja maishani mwake. Watu walicheka kwa adabu. Mwalimu aliyeandika wasifu ule nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: turubai, ngoma na pilau ni mapambo, bali heshima yenyewe ni maelezo ya kweli ya kazi aliyoifanya mtu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu wasifu, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Fahamu kwanza umeya ni kazi gani

Nchini mwetu meya hupatikana katika halmashauri za manispaa na za majiji. Halmashauri ya mji au ya wilaya huongozwa na mwenyekiti. Wananchi hawampigii meya kura moja kwa moja. Humchagua diwani wa kata yao, kisha baraza jipya linapokutana baada ya uchaguzi mkuu, madiwani humchagua meya miongoni mwao, naye huongoza hadi baraza linapomaliza muda wake wa miaka mitano. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka. Ni rahisi kuchanganya vipindi hivi, na nimewahi kuona naibu aliyechaguliwa mara tatu akiandikiwa kwamba aliongoza jiji kwa miaka kumi na mitano.

Meya huongoza vikao vya Baraza la Madiwani na Kamati ya Fedha na Uongozi. Mtendaji mkuu wa halmashauri ni Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa fedha za halmashauri, na ndiye katibu wa baraza. Malipo ya mkandarasi na usimamizi wa watumishi viko upande wa Mkurugenzi. Kwa maana hiyo vitenzi vya wasifu wa meya lazima vichaguliwe kwa uangalifu kuliko sifa zake. Badala ya kuandika kwamba alijenga soko, andikeni kwamba aliongoza baraza lililopitisha ujenzi wa soko hilo, mkataja na mwaka wa bajeti. Badala ya kusema aliwapa vijana mikopo, elezeni kwamba katika kipindi chake halmashauri ilitenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ikiwa mna uthibitisho kwamba ilitengwa kweli. Wapo watakaoona maneno hayo yanampunguza mzee. Mimi naona yanamkuza, kwa sababu kuwashawishi madiwani wa vyama tofauti, kila mmoja akiivutia kata yake, wakubaliane juu ya soko moja, ni kazi ngumu kuliko kumwaga zege.

Halafu pimeni kila mwaka unaotajwa. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 katika mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za miji zikaanza kurejeshwa mwaka 1978. Mkiambiwa kwamba mtu alikuwa meya mwaka 1975, rudini mkaulize upya, kwani huenda alikuwa na cheo kingine cha chama au cha mkoa. Dar es Salaam iliendeshwa na Tume ya Jiji, pasipo meya, kati ya mwaka 1996 na 2000. Kuanzia hapo hadi mwaka 2021 ilikuwa na meya wa jiji pamoja na mameya wa manispaa zake, kwa hiyo meya wa Ilala wa mwaka 2010 alikuwa meya wa manispaa, ilhali baada ya halmashauri ya jiji ya zamani kuvunjwa, Ilala ndiyo iliyopewa hadhi ya jiji. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, Arusha mwaka 2012 na Dodoma mwaka 2018. Aliyeongoza Arusha mwaka 2008 alikuwa meya wa manispaa, na hakuna aibu yoyote katika kuliandika hivyo. Hata hapa nyumbani, Mtwara-Mikindani imekuwa manispaa tangu mwaka 2005. Kabla ya hapo hatukuwa na Mstahiki Meya.

Kutafuta jina la mtoto katika rejista

Sehemu ya pili ya wasifu ni ile ambayo shule za nyumbani pekee zinaweza kuiandika, yaani utoto wake darasani. Kwa bahati mbaya ndiyo inayoandikwa kwa uvivu zaidi: alizaliwa, alisoma, alifaulu. Fungueni rejista ya uandikishaji na kitabu cha kumbukumbu za shule, vile vitabu vikubwa vya majalada magumu ambavyo mara nyingi viko chini ya kabati la mwalimu mkuu, vimeliwa na mchwa pembeni.

Msishangae mkikosa jina lake. Kwetu Kusini mvulana aliyeingia jandoni hutoka na jina jipya, na lile la utotoni huachwa huko huko. Kumwita nalo baada ya hapo ni utovu wa adabu. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza kabla ya kutahiriwa anaweza kuwa na jina moja katika rejista ya mwaka wa kwanza na jingine miaka miwili baadaye. Wengine waliongeza jina la ubatizo, wengine la Kiislamu, na makarani wa enzi zile waliandika walivyosikia. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kutafuta jina la baba na la kijiji badala ya jina la mtoto, kisha kumpelekea mzee orodha ya majina manne au matano yanayowezekana na kumwachia aonyeshe lake mwenyewe, faraghani. Akisema jina la utotoni lisitajwe hadharani, lisitajwe.

Kumbukeni pia kwamba mpangilio wa shule umebadilika. Waliosoma kabla ya darasa la nane kuondolewa katika miaka ya 1960 walimaliza darasa la nne katika shule moja, na wachache waliochaguliwa wakaendelea na darasa la tano hadi la nane katika shule ya kati, ambayo pengine ilikuwa mbali, ya bweni, na ya misheni. Shule nyingi za misheni zilichukuliwa na Serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Vitabu vyake vya zamani huenda vilibaki parokiani, kwa hiyo andikeni barua ya heshima kwa paroko kabla ya kukata tamaa.

Hapo ndipo ugomvi wa shule unapozaliwa. Shule ya kwanza inasema mtoto ni wake kwa kuwa ndiyo iliyomfundisha a-e-i-o-u, ya kati inasema ni wake kwa kuwa ndiyo iliyomfaulisha, na sekondari inasema ndiyo iliyomtoa. Undeni kamati moja ya pamoja, kila shule ikitoa mwalimu mmoja, mjumbe mmoja wa kamati au bodi ya shule na mwanafunzi mmoja, na mpange kila kitu, kuanzia gwaride hadi viti, kwa mfuatano wa miaka aliyosoma. Miaka haina upendeleo. Hafla yenyewe ifanyike penye uwanja mpana na vyoo vya kutosha, hata kama si shule maarufu kuliko zote.

Mahojiano na mzee

Watumeni wanafunzi watatu au wanne, si walimu. Mzee akimwona mwalimu hutoa hotuba. Akimwona mtoto husimulia. Waandaliwe kwa wiki mbili, wawe na maswali yasiyozidi kumi, daftari na, ikipatikana, simu ya kurekodia, na waombe ruhusa kabla ya kurekodi. Maswali ya juu juu, kama vile siri ya mafanikio yake, yaondolewe yote. Yaachwe yale yanayodai kitu cha kushikika.

Nakumbuka msichana wa darasa la sita aliyekaa kwenye mkeka mbele ya mzee wetu, sahani ya ming'oko ya kuchemsha ikiwa katikati yao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kula kwanza."

"Babu, siku ya kwanza kuongoza baraza, uliogopa nini?"

Mzee alimenya mng'oko mmoja taratibu mpaka ukaisha maganda, kisha akasema aliogopa kusimama, kwa sababu joho lilikuwa limeshonewa mtu mrefu kuliko yeye na alihofia kulikanyaga mbele ya wageni. Alilishika kwa mikono yote miwili kikao kizima, na kwa hiyo kila alipotaka kugonga meza watu wanyamaze alilazimika kuchagua kati ya joho na rungu. Katika kurasa kumi na mbili za wasifu wake, hiyo ndiyo aya ambayo watoto waliijua kwa moyo.

Baada ya mahojiano, yalinganisheni na maandishi. Wazee husahau, na wengine hujiongezea kidogo, kama tutakavyofanya sote. Mwandikieni Mkurugenzi wa jiji aliloliongoza, mkieleza madhumuni, na kuomba kuona mihtasari ya vikao vya baraza vya kipindi husika, au walau orodha ya mameya na miaka yao. Barua ipitie kwa Afisa Elimu wa halmashauri yenu, iwe na mhuri, na itumwe miezi mitatu kabla. Ombeni familia picha na barua za mialiko alizohifadhi. Nyuma ya picha za zamani mara nyingi kuna tarehe iliyoandikwa kwa kalamu.

Msifanye umeya uwe maisha yake yote. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam mwaka 1960, lakini wapenda lugha wanamkumbuka kama mshairi na mwanazuoni wa arudhi, yaani kanuni za kutunga mashairi, wengine kama waziri wa sheria, na vijana wa Arusha wanalijua jina lake kutokana na uwanja wa mpira. Wasifu uliomwishia kwenye mkufu wa umeya ungekuwa umemwacha nusu. Mzee wenu huenda alikuwa fundi, karani wa bandari, mwalimu au mchezaji wa timu ya mtaa, na huenda hayo ndiyo yaliyomfanya akubalike kwa wapiga kura wa kata aliyohamia.

Rasimu ikikamilika, asomewe mwenyewe yote, neno kwa neno, wiki mbili kabla. Afute anachotaka kufuta kuhusu maisha yake binafsi. Kuhusu kazi ya umma, akitaka kuongeza jambo lisilo na ushahidi, mwambieni kwa heshima kwamba litasemwa na yeye mwenyewe katika hotuba yake, wala halitaandikwa na shule.

Ruhusa, siasa na fedha

Shule za umma hazifanyi hafla ya nje bila ofisi ya Mkurugenzi kujua. Anzeni na Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu wa msingi na wa sekondari, na diwani wa kata apewe taarifa mapema ili asisikie sokoni. Kwa kuwa meya ni mwanasiasa na alidhaminiwa na chama, kadi ya mwaliko iseme wazi kwamba anaheshimiwa kama mwanafunzi wa zamani aliyetumikia umma. Pasiwe na sare, bendera wala nyimbo za chama chochote, na msipange siku hiyo karibu na kipindi cha kampeni.

Kuhusu majina, kuweni na kiasi. Shule husajiliwa kwa Kamishna wa Elimu kwa jina lake, na kulibadili si jambo la kamati ya shule kupiga makofi likapita. Maktaba, chumba cha darasa au tuzo ya kila mwaka ya mwanafunzi bora wa Uraia ni njia nyepesi zaidi, ingawa hata hizo ziombewe kibali kwa maandishi.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wanafunzi hawadaiwi michango ya lazima, kwa hiyo mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya shilingi elfu moja ya hafla. Waombeni wahitimu wa zamani na wafanyabiashara, kila kinachotolewa kikatiwe stakabadhi. Huku kwetu pesa huonekana minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, lakini ndio wakati wa mitihani ya taifa na mvua zinakaribia. Nashauri ahadi zichukuliwe msimu wa korosho na hafla ifanyike Agosti au Septemba mwanzoni mwaka unaofuata, wakati uwanja ni mkavu na upepo wa bahari unapoza jua. Jumamosi asubuhi ndiyo siku nzuri. Ijumaa itakatwa na sala, na Ramadhani iangaliwe kwenye kalenda kabla kadi hazijachapwa.

Siku yenyewe

Anzeni saa tatu kamili, na mmalize kabla ya saa sita na nusu. Mshereheshaji apewe karatasi ya itifaki iliyohakikiwa na ofisi ya Mkurugenzi, kwa sababu meya aliyeko madarakani Mtwara ataketi mbele pamoja na mgeni wetu, na wote wawili wakiitwa Mstahiki Meya bila neno la kutofautisha, mmoja atanyanyuka wakati si wake. Mgeni aitwe Mstahiki Meya mstaafu, na jiji lake litajwe.

Risala ya wanafunzi isizidi dakika tano, na hapa naomba nisikilizwe. Tumezoea risala yenye salamu tano na changamoto kumi na mbili, kuanzia matundu ya vyoo hadi uzio, na mwisho mgeni hutoa pochi kwa kuona haya. Meya mstaafu hana fungu. Kumwalika ili kumheshimu, kisha kumsomea orodha ya mahitaji, ni kumtega. Mahitaji ya shule yana vikao vyake. Risala isome wasifu mfupi, itaje mambo mawili ambayo watoto wenyewe wamejifunza katika kuyatafuta, ikome hapo.

Zawadi iwe ya kwetu. Saa ya ukutani ameshapewa nyingi. Kinyago cha mpingo cha mtindo wa ujamaa, wenye watu waliobebana mmoja juu ya mwingine, kinafaa sana kwa mtu aliyepanda kwa kura za wenzake, na mchongaji wa Kimakonde akipewa miezi miwili atakitengeneza bila kulipua. Kipimeni kabla ya kukiagiza, kwani mpingo ni mzito: kile tulichotoa sisi kilibebwa na vijana wawili, na mzee alikipokea kwa kukigusa tu kichwani kama anayembariki mtoto.

Wanafunzi wapewe chakula kwanza, kabla ya meza kuu. Hili halijaandikwa katika itifaki yoyote ninayoijua, lakini mkilipuuza mtahutubia watoto wanaotazama sufuria.

Baada ya hafla

Chapisheni wasifu uliokamilika, pamoja na marekebisho yote yaliyotolewa siku ile, katika nakala za kutosha: moja kwa kila shule, moja kwa familia, moja kwa maktaba ya mkoa na moja kwa halmashauri ya jiji aliloliongoza, ambayo mara nyingi haina habari yoyote ya utoto wa mameya wake. Mkirekodi sauti, nakili faili mahali pawili, maana simu huibwa. Mwalimu wa zamu aandike tukio katika kitabu cha kumbukumbu za shule siku hiyo hiyo, kwa wino, akitaja waliohudhuria na kilichotolewa. Picha za wanafunzi zisisambazwe bila idhini ya wazazi.

Nakala ya shule isifungiwe ofisini. Yetu ipo darasa la sita, imefungwa kwa uzi kwenye msumari kando ya ubao, na ukurasa wa joho umechakaa hata tumeuchapa upya mara mbili.